Mbiu ya Bahari Itapigwa na Nani? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Usalama wa Mombasa

Kwenu Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti, na wakuu wote mnaosimamia bandari, vivuko, elimu, hali ya hewa na ulinzi wa pwani yetu.

Assalaam aleikum, na salamu kwa watu wa dini zote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia, mkazi wa Kisauni. Nimefundisha watoto wa mji huu miaka 29. Nawaandikia juu ya onyo la tsunami, jambo lililonikaa kooni tangu Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, na ninawaandikia hadharani ili wavuvi, walimu, wauza madafu na akina mama wa mihogo pale Mama Ngina nao walisome.

Siku ile nilikuwa Bamburi, pale wenyeji tunapopaita Pirates, pamoja na wanangu wawili na ami yangu, ambaye alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Ilikuwa siku ya baada ya Krismasi na ufuo umefurika watu. Wageni kutoka bara walikuwa wengi kuliko wenyeji, watoto wamejaa majini na maboya ya mipira ya magari. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hivyo maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku za kawaida. Asubuhi yalikuwa yamepwa sana na mchanga umebaki wazi hadi mbali.

Adhuhuri imeshaadhiniwa, nikamwona ami amesimama. Alikuwa akitazama mashua moja ndogo iliyolala ubavu juu ya mchanga. Mashua ile ikaanza kunyanyuka. Ikaelea, kamba ya nanga ikakaza. Hatujamaliza kushangaa, maji yakaondoka chini yake, ikalala tena, mara hii kwa ubavu wa pili. Kisha maji yakarudi. Ami akanishika mkono, akatazama saa yangu, akanambia, "Mwanangu, maji haya hayana mwezi. Chukua watoto."

Sijasahau maneno hayo. Maji kujaa huchukua saa sita na ushei, na kupwa vivyo hivyo. Kila mtoto wa pwani analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Maji yale yalijaa na kupwa ndani ya muda wa mtu kukatiwa dafu, akanywa, akakwangua nyama yake. Mzee ambaye hakusoma hata darasa moja la Jiografia alijua ndani ya nusu saa kwamba bahari inasukumwa na kitu kisicho mwezi. Mimi mwenye cheti ukutani nilikuwa bado natafuta viatu vya watoto.

Polisi wakafika kuwatoa watu. Kipaza sauti kilikoroma, na neno pekee lililosikika vizuri ni "tsunami". Wengi pale hawakuwahi kulisikia. Kijana mmoja aliniuliza kama ni jina la meli. Wengine, badala ya kutoka, walishuka chini kuangalia kuna nini. Askari wale walifanya kazi kubwa na ninawashukuru mpaka leo. Lakini walikuwa wakiwaokoa watu kwa neno ambalo watu hawakuwa nalo.

Kenya ilipoteza mtu mmoja siku hiyo, huko Watamu. Tanzania nayo ilizika watu. Somalia ilipoteza watu wapatao 300, wengi wao katika rasi ya Hafun. Ukihesabu nchi zote zilizoguswa, waliokufa walizidi 220,000. Sisi tulisalimika, alhamdulillahi, na kwa kuwa tulisalimika, tukasahau. Tukaanza kuamini kwamba tsunami ni balaa la watu wa mbali. Naomba mniruhusu nieleze kwa nini imani hiyo haina msingi, maana nisipoeleza sababu, ninayoyaomba yataonekana kama hofu ya mzee.

Gamba la dunia halikuumbwa kipande kimoja. Limegawanyika mabamba makubwa yanayosogea polepole, kwa sentimita chache tu kila mwaka. Mahali pengine bamba moja hujipenyeza chini ya jingine. Yanaposuguana hukwama, na lile la juu hupindika kama ubao uliobanwa, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Siku likishindwa kustahimili, hufyatuka. Sakafu ya bahari huinuka au kushuka kwa mita kadhaa, na maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini kabisa hadi juu, huinuliwa pamoja nayo. Hapo ndipo tsunami inapozaliwa. Mawimbi ya kusi na ya kaskazi tuliyoyazoea yanasukumwa na upepo na hutikisa uso wa bahari tu. Tsunami huisogeza bahari nzima.

Kwenye kilindi haionekani. Urefu wake kwenda juu huenda usifike mita moja, lakini kutoka wimbi hadi wimbi ni mamia ya kilomita. Nahodha anaweza kupita juu yake asihisi kitu. Mwendo wake unategemea kina: penye kina cha mita 4,000 hukimbia kama kilomita 700 kwa saa, sawa na ndege ya abiria. Likikaribia pwani na maji yakawa haba, kichwa cha wimbi hupunguza mwendo huku mkia ukiendelea kusukuma nyuma, na maji hurundikana kwenda juu. Penye kina cha mita kumi bado linakwenda kilomita 36 kwa saa. Hakuna mtu wa kulishinda mbio kwenye mchanga, sembuse mama aliyebeba mtoto.

Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake wimbi la bandarini. Kwa mji kama wetu, ambao bandari yake imeitwa Kilindini kwa sababu ya kilindi chake, maana hiyo inapaswa kutushtua kidogo.

Alfajiri ile ya 2004, saa kumi kasoro dakika moja kwa saa zetu, mpasuko ulianza karibu na ncha ya kaskazini ya Sumatra, Indonesia, ukaenea kuelekea kaskazini kwa kilomita 1,300 hivi. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Kutoka pale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 6,000. Gawanyeni wenyewe: ni saa nane na kitu. Na ndivyo ilivyokuwa, mawimbi yalitufikia mchana. Tulipewa saa nane nzima, Waheshimiwa, na mimi nilikuwa mchangani na watoto wawili bila habari yoyote.

Mambo mawili yalitunusuru. Kwanza, nguvu ya tsunami huelekea zaidi pande zilizokabili mpasuko. Mpasuko ule ulilala kaskazini hadi kusini, kwa hivyo pigo kubwa likaenda mashariki na magharibi: Thailand huku, Sri Lanka na India kule, na ncha ya Somalia iliyochomoza baharini. Sisi tulikuwa pembeni. Pili, mawimbi ya kwanza yalitukuta maji yakiwa bado chini. Kwenye bamvua, tofauti ya maji makuu na maji kupwa hapa Mombasa huzidi mita tatu. Wimbi lilelile likija saa kumi jioni ya siku ya bamvua, maji yakiwa tayari yamegusa kuta na watu wanapunga upepo wa jioni, halianzi tena kutoka chini ya mchanga. Linaanza juu ya kizingiti. Saa chache tu ndizo zilizotutenga na hali hiyo.

Mtaniambia tsunami nyingi hutokea bahari ya Pasifiki, na ni kweli, karibu nne katika kila tano. Kule mabamba yanazama karibu pande zote, ndiyo maana ukanda ule unaitwa Pete ya Moto. Chile mwaka 1960 ilipata tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, 9.5. Japani mwaka 2011 ilipigwa na maji yaliyopanda hadi karibu mita 40 katika baadhi ya mabonde yake. Pwani ya Afrika Mashariki haina mabamba yanayozama namna hiyo, na tumshukuru Mungu. Lakini bahari tunayochangia na wenzetu ina sehemu mbili kama hizo, na zote zinatutazama.

Ya kwanza ni Sumatra. Ya pili wazee wetu waliijua kwa jina kabla ya sisi kuijua kwa sayansi: Makran, pwani ya Pakistan na Iran. Mabulushi wa Mombasa, wenye msikiti wao pale Makadara, asili yao ni pande hizo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 1945, tetemeko la ukubwa wa 8.1 lilitikisa Makran na kuzua tsunami. Makadirio ya waliokufa hufika hadi watu 4,000. Njia ya kutoka kule hadi huku ni njia ya majahazi, ileile iliyoleta tende, mazulia na watu. Jahazi lilingoja kaskazi na kuchukua majuma. Wimbi halingoji upepo, lingetufikia kwa kama saa sita.

Tena si tetemeko peke yake linaloamsha bahari. Volkano ya Krakatau, Indonesia, ililipuka mwezi Agosti 1883 na mawimbi yake yakaua zaidi ya watu 36,000. Kijana wake, volkano ya Anak Krakatau, aliporomoka ubavu tarehe 22 Desemba 2018 usiku, akaua zaidi ya watu 400 kwenye fukwe za Java na Sumatra. Hakukuwa na tetemeko kubwa la kuwashtua, kwa hivyo hakukuwa na onyo. Maporomoko ya chini ya bahari nayo hufanya hivyo, kama yalivyofanya Papua New Guinea mwaka 1998. Na majirani zetu wa Visiwa vya Ngazija na Mayotte wanakaa juu ya moto. Kuanzia Mei 2018 Mayotte ilitikisika mfululizo kwa miezi, na mwaka uliofuata wanasayansi wakakuta volkano mpya kabisa imezaliwa kwenye sakafu ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa. Sisemi kwamba volkano hiyo itatuletea tsunami. Nasema kutoka huko hadi hapa si saa nane. Hesabu ileile ya mwendo na kina inatoa kama saa mbili.

Kama bado mnadhani pwani hii haijawahi kupigwa, tazameni Pangani, hapo chini ya Tanga. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichimba karibu na mto wakakuta tabaka la mchanga wa bahari limefunika makazi ya watu wa miaka 1,000 hivi iliyopita. Ndani ya tabaka hilo mlikuwa na mifupa ya binadamu, waliokufa bila kuzikwa na mtu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hao ni Waswahili wa kale, wavuvi na mafundi wa shanga, babu zetu. Wao walikuwa na bahari ileile na mwezi uleule.

Habari hiyo nilipoisoma nilimkumbuka ami, aliyefariki miaka mingi sasa. Nikajiuliza: watu wale wa Pangani, je, hakubaki hata mmoja wa kusimulia? Mbona hatuna hata utenzi mmoja, hata kitendawili, kinachotuambia bahari ikienda mbio bila mwezi tufanye nini?

Nauliza kwa sababu mahali pengine masimulizi hayo yapo na yameokoa watu. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kipo karibu kabisa na mpasuko wa 2004. Mwaka 1907 kilipigwa na tsunami, na waliosalia wakaipa jina lao wenyewe, smong. Wakaitia kwenye hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikakimbia, kimbilia mlimani. Miaka 97 baadaye ardhi ilipotikisika, walipiga kelele neno lao moja wakapanda. Maji yaliwafikia katika dakika chache tu. Katika kisiwa cha watu zaidi ya 70,000 walikufa saba. Hawakuwa na mitambo wala redio ya onyo. Walikuwa na neno linaloeleweka na kila mtu, mtoto kwa mzee.

Upande wa pili kuna mji wa Hilo, huko Hawaii. Tsunami ya Chile ya 1960 ilichukua kama saa 15 kufika huko. Wakubwa walijua. King'ora kililia mapema usiku, saa kadhaa kabla ya wimbi. Lakini wengi hawakuelewa mlio ule unawataka wafanye nini, na wengine walikaa kungoja kuona. Wakafa watu 61, huku onyo likiwa limeshatolewa.

Sisi tuko wapi kati ya Simeulue na Hilo? Swali langu kwenu ndilo hilo, na sina jingine kubwa zaidi. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ilikuwa moja, mpigaji alijulikana, na kila aliyeisikia alijua aende wapi. Leo mitambo ya kupima tunayo. Baada ya 2004 nchi za Bahari ya Hindi ziliunda mfumo wa onyo chini ya UNESCO, na vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa taarifa dakika chache baada ya tetemeko. Kenya imo katika mfumo huo, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ndiyo hupokea taarifa kwa niaba yetu. Sina shaka na kipande hicho cha safari. Shaka yangu ni kipande cha mwisho, kutoka ofisini hadi kwa kijana anayeparua samaki Kongowea. Nani anapiga mbiu hapo? Kwa lugha gani? Na akisikia, anakwenda wapi?

Tumeshaonja jibu mara mbili. Septemba 2007, baada ya tetemeko la 8.4 kusini mwa Sumatra, tulitangaziwa tahadhari. Tarehe 11 Aprili 2012, tetemeko la 8.6, tena tahadhari. Mara ile ya pili mabamba yaliteleza kwa upande badala ya kuinuka, kwa hivyo bahari haikusukumwa sana na balaa likapita mbali. Lakini mimi nilikuwa darasani siku hiyo, katika shule nisiyotaka kuitaja, na nawaambia niliyoyaona. Habari ilitufikia kwa simu za wazazi. Mmoja aliambiwa wimbi litafika saa nane, mwingine saa kumi, mwingine kwamba limeshafika Malindi. Akina mama walikuja langoni wakilia. Mwalimu mmoja akataka watoto wapande ghorofani, mwingine akataka waachiwe waende nyumbani, na nyumba za wengine ziko hatua chache tu kutoka ufukoni. Hakuna aliyekuwa na karatasi inayosema lipi lifanywe. Tuliwaachia. Nimelala na uamuzi huo usiku mwingi tangu hapo, maana lingekuwa la kweli tungekuwa tumewapeleka watoto majini kwa mikono yetu.

Kwa hivyo naomba haya.

Kwanza, maneno. Andikeni onyo moja la Kiswahili, fupi, lisilobadilika, lijulikane kama adhana inavyojulikana: toka ufukoni, panda juu, usirudi mpaka utangaziwe. Sehemu ya tatu ina uzito kuliko inavyoonekana. Tsunami si wimbi moja, ni msafara wa mawimbi kwa saa nyingi, na mara nyingi la kwanza si kubwa. Wengi hufa wakirudi kuokota samaki au kuangalia nyumba. Na fundisheni jambo ambalo watu wengi wamelikosea: si lazima bahari ikimbie kwanza. Mwaka 2004, mashariki ya mpasuko, huko Thailand, maji yalitangulia kupwa. Upande wa magharibi, ulio upande wetu, yalitangulia kupanda. Anayengoja kuona mchanga mtupu ndipo akimbie, huenda akangoja ishara isiyokuja.

Pili, mpiga mbiu. Mji huu una vipaza sauti kila mtaa, na viko misikitini. Kaeni na maimamu, na maaskofu na wachungaji, mkubaliane tangu sasa nani anapigiwa simu na nini kinatangazwa. Kaeni na BMU za wavuvi, yaani vikundi vyao vya kusimamia fukwe, maana wao wako ufukoni saa ambazo ofisi zimefungwa. Mvuvi aliye nje ya mwamba aambiwe asikimbilie bandarini bali aende kwenye kilindi. Aliyekaribia kutua aiache mashua na apande. Redio zetu za pwani ziwe na tangazo lililorekodiwa tayari, lisianze kuandikwa siku hiyo. Na kila mmoja kati yao ajue ukweli mmoja kuhusu watu wetu: wakiitwa kwa neno geni watashuka kuangalia, wakiitwa kwa neno lao watapanda.

Tatu, pa kwenda. Kisiwa cha Mombasa hakina mlima. Njia za kutoka tunazihesabu kwa vidole: daraja la Nyali, Makupa, Kipevu na feri ya Likoni. Mkiwaambia watu wote watoke kisiwani kwa wakati mmoja, mtawakusanya juu ya madaraja na kwenye geti la feri, kando ya maji kabisa. Penye saa nane za onyo safari hiyo inaweza kupangwa, penye saa mbili haiwezekani. Pimeni mitaa, muoneshe ipi iko juu na ipi iko chini. Chagueni ghorofa imara, za shule, za hoteli, za ofisi, ambazo milango yake itafunguliwa kwa yeyote siku hiyo, na wenye nazo watie sahihi leo. Kisha wekeni mabango yenye mishale, kuanzia Pirates, Nyali, Mji wa Kale, Mama Ngina, hadi Likoni na Shelly.

Kuhusu bandari nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu watu hudhani hatari yote iko kwenye fukwe. Mwaka 2004 pale Salalah, Oman, mawimbi hayakuwa ya kutisha, lakini mkondo ndani ya bandari ulikata kamba za meli ya makontena yenye urefu wa mita 285, ikazunguka ovyo kwa saa nzima nzima. Maji yakiingia na kutoka kwenye mlango mwembamba hugeuka mto wenye hasira, na ghuba huendelea kuyachezesha muda mrefu baada ya bahari ya nje kutulia. Kilindini ni mlango mwembamba. Ndani yake mna matangi ya mafuta, meli kubwa, na katikati yake feri zinakatiza mchana na usiku zikiwa zimesheheni watu. Nani mwenye amri ya kusimamisha feri? Je, anaweza kuitoa saa tisa usiku bila kungoja sahihi ya Nairobi? Abiria waliokwisha kuingia wanashushwa upande gani? Majibu kama yapo, tuoneshwe. Kama hayapo, hiyo ni kazi ya juma hili.

Mikoko ya Tudor na Mtwapa na miamba ya matumbawe hupunguza makali ya maji, ingawa haiwezi kusimamisha wimbi kubwa. Itunzeni, lakini msiihesabu kama ukuta.

Na shule. Mwaka 2004 kwenye ufuo wa Phuket, Thailand, msichana wa Kiingereza wa miaka kumi, Tilly Smith, aliona bahari inatoa povu na kwenda mbele na nyuma bila utaratibu, akakumbuka somo la Jiografia la majuma mawili kabla. Akawasisitizia wazazi wake mpaka ufuo ukahamwa, watu wapatao 100 wakapona. Lilikuwa somo moja tu. Watoto wetu wanaozaliwa wakisikia mawimbi wanastahili somo hilo kuliko mtoto wa Uingereza. Wapewe kila mwaka, na zoezi la kupanda ghorofani kwa miguu yao, si mchoro ubaoni. Wekeni pia wazee wavuvi mbele ya darasa waeleze bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Mtoto anayejua mwendo wa maji ya kila siku ndiye atakayejua kwamba leo yameharibika.

UNESCO ina mpango wa kutambua jamii zilizojiandaa, wenye vigezo 12 vya ramani, njia, mazoezi na mafunzo. Vijiji viwili vya wavuvi vya Odisha, India, vilitambuliwa mwaka 2020, navyo si vijiji vya matajiri. Ningependa kuuona mtaa mmoja wa Mombasa kwenye orodha hiyo nikiwa hai.

Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 5 Novemba kuwa siku ya dunia ya kujielimisha kuhusu tsunami. Ilichaguliwa kwa ajili ya kisa cha Japani cha mwaka 1854, cha kiongozi wa kijiji aliyewasha moto miganda ya mpunga wake mwenyewe usiku, ili mwanga uwaoneshe watu njia ya kupandia. Nimezungumza na wanafunzi wangu wa zamani. Mmoja ni fundi wa rangi, mwingine ni mpima ardhi, wawili ni wavuvi. Tunaomba ruhusa yenu ya maandishi tarehe hiyo tuchore alama kwenye kuta na nguzo, kuanzia mchanga wa Pirates hadi barabara kuu: mstari wa buluu unaoonesha maji ya bamvua yanapoishia, na juu yake mshale mwekundu wa kuelekea juu. Rangi tutanunua wenyewe. Tunahitaji mtu wenu mmoja aje na ramani atuambie mshale uelekee wapi.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Kisauni, Mombasa